Magofu ya Pate, theluji ya Paris na daftari la mwanafunzi wangu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nafundisha kidato cha tano na cha sita hapa mkoani Tanga, huu ni mwaka wa 17 kazini, na karibu miaka yote hiyo nimefundisha ushairi kwa namna ambayo sasa naona hapana, kuna kitu kikubwa tunawanyima hawa watoto.

Kilichonifanya nishike kalamu ni madaftari. Muhula uliopita nilitoa swali la kawaida kabisa, jadili dhamira za washairi wawili uliowasoma, nikabeba rundo lote nyumbani nikakaa nalo barazani tangu alasiri mpaka taa zikawashwa. Yani nafunga daftari hili nafungua lile naona maneno ni yale yale, dhamira ya kwanza mapenzi, ya pili ujenzi wa jamii mpya, ya tatu nafasi ya mwanamke katika jamii, ya nne umuhimu wa elimu, kila moja na mistari miwili ya shairi kama ushahidi, alafu tunahamia kwa mshairi wa pili na orodha inaanza upya. Wanafunzi hawakukosea, wengine niliwapa alama nzuri tu, maana swali limeomba hicho na wao wametoa hicho. Ila nikajiuliza, kama naweza kufuta jina la mshairi huyu nikaweka la yule na jibu bado likabaki sahihi, huyu mtoto amesoma nini hasa? Mshairi mmoja aliishi Mombasa miaka 200 iliyopita, mwingine yupo hai anatumia simu kama sisi, na kwenye daftari wote wawili wamekuwa mtu mmoja anayependa elimu na kuchukia rushwa.

Sasa wiki ile ile, darasani, nikiwa nasoma nao Al-Inkishafi, binti mmoja wa kidato cha tano akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hili si kama lile la mfalme wa jangwani tulilosoma kwa Madam wa Literature?" Nikamjibu kwamba hilo ni la somo lingine tutaongea baadaye, nikaendelea na kipindi. Jibu lile limenisumbua mpaka leo. Yule mtoto peke yake, bila kufundishwa na mtu, alikuwa ameshafanya kazi ambayo ndo moyo wa fasihi wenyewe, kachukua shairi la Pate na shairi la Uingereza kayaweka mezani pamoja, na mimi mwalimu wake nikamwambia ayatenganishe kwa sababu ratiba ya shule imeyatenganisha.

Nieleze kidogo kwa wasomaji ambao hawakupitia masomo haya. Al-Inkishafi ni utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate, kisiwa kilichopo kwenye funguvisiwa la Lamu, na kwa kawaida unawekwa kati ya mwaka 1810 na 1820. Pate ulikuwa mji wa kutajika, wenye biashara ya Bahari ya Hindi, wenye majumba ya mawe na wasomi, alafu zikaja fitina na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya muda mrefu, na mwaka 1812 hivi watu wa Pate wakashindwa vitani kule Shela, kisiwani Lamu, mji ukaporomoka. Mshairi anaongea na moyo wake. Anauuliza mbona hauzinduki, alafu anaushika mkono kama mtu anayemwingiza mgeni nyumbani na kuanza kuuonyesha. Hizi hapa nyumba za watu waliokuwa na taa za kuwaka usiku kucha, sasa tupu, popo wananing'inia juu, hausikii mnong'ono wala ukelele, buibui wametanda kwenye vitanda. Madaka ya ukutani yaliyokuwa yamepangwa sahani za kauri sasa makinda ya ndege ndo wamelala humo, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Kisha anaanza kuuliza wako wapi, wako wapi, anataja watu wa huko huko kwao kwa majina, wamekwenda wapi mbona hawajulikani.

Na lile la mfalme wa jangwani ni Ozymandias la Percy Shelley, lilichapishwa London mwaka 1818. Angalieni huo mwaka jamani! Washairi wawili ambao hawakujuana wala hawakuwahi kusikiana, mmoja Pate mmoja Uingereza, karibu miaka ile ile kila mmoja anaandika juu ya wakubwa wa dunia waliobaki magofu. Miguu miwili ya mawe imesimama jangwani haina kiwiliwili, uso umelala nusu umefukiwa na mchanga, na maandishi ya mfalme anayejisifu kwamba tazameni kazi zangu mkate tamaa, na pembeni hakuna kazi yoyote, ni mchanga tu mpaka macho yanapoishia.

Kwa mtindo wetu wa madaftari jibu ni rahisi, dhamira ya mashairi yote mawili ni "dunia ni mapito", weka vema, endelea. Lakini ukiyaweka meza moja ukaanza kuuliza maswali mengine ndo unaona yanavyoachana. Nani anasimulia? Shelley hakwenda Misri hata siku moja, kwenye shairi anasema alikutana na msafiri na msafiri ndo akamwambia, na hata maneno ya mfalme tunayapata kupitia jiwe, kwa hiyo sisi tupo mbali sana, tunamwangalia mfalme wa watu wengine, dhalimu wa zamani, na tunaona amepata haki yake. Sayyid Abdalla hana msafiri wa kumsimulia. Yale ni majumba ya mji wake, wale ni watu wa damu yake, na yeye hawacheki, anaogopa, kwa sababu kilichowapata kinamfuata na yeye, na ndo maana utenzi unaishia kwenye moto wa akhera na toba. Magofu ya Shelley yanafanya kazi ya kuhukumu mtawala, magofu ya Pate yanafanya kazi ya kumwamsha mwenye kulala. Kitu ni kile kile, kazi ni mbili. Hili swali la "magofu yanafanya kazi gani humu" nimegundua ni bora mara kumi kuliko "dhamira ni ipi".

Baada ya lile jibu langu baya niliamua kulipa deni. Jumamosi moja tukachanga nauli, tukapanda daladala kwenda Tongoni, kusini ya mji wa Tanga njia ya Pangani, ambako kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya zamani. Tulikuwa 23. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala kwenye majani kama minazi iliyopigwa na upepo, ila zipo ambazo ukisogea karibu unaona kwenye chokaa vishimo vya mviringo, vimetulia vizuri kama vimepimwa kwa kikombe. Humo ndo zilikuwa zimepachikwa bakuli na sahani za kauri, sahani zenyewe hazipo tena. Binti yule yule akaingiza vidole kwenye kishimo kimoja akazungusha taratibu, kulikuwa na mchanga na vumbi na ganda la konokono. Nikamwomba asome beti za madaka. Akasoma, na wale watoto ambao darasani wananiuliza kila mara "hii inakuja kwenye mtihani?" hakuna aliyeuliza. Mvulana mmoja akasema polepole, "kumbe zilikuwepo kweli". Alikuwa miaka yote anadhani sahani za kwenye shairi ni tamathali tu.

Pale pale chini ya mti nikawasomea mengine niliyokuwa nimeyaandaa, mengine kwa tafsiri zangu mwenyewe kutoka Kiingereza, na hapa ndo nataka kukaa kidogo maana ndo utamu wenyewe ulipo.

Nilianza na Waarabu kwa sababu huko undugu wetu ni wa wazi. Imru' al-Qays, mshairi wa karne ya 6, kabla ya Uislamu, anafungua kasida yake kwa kuwaambia wenzake wawili wasimame walie, kwa kumkumbuka mpenzi na makao aliyokuwa akikaa. Kambi imehamishwa, upepo unasuka mchanga juu ya alama za mahema. Na kitu anachokiona pale chini, akakitia kwenye shairi ambalo linasomwa mpaka leo, ni kinyesi cha swala kilichotawanyika uani kama punje za pilipili manga. Wanafunzi walicheka alafu wakanyamaza, maana ni kweli, ndo alama ya mahali palipohamwa, wanyama wameshapazoea. Bundi wa Pate na swala wa Uarabuni wanafanya kazi moja. Lakini yule wa Uarabuni analilia mwanamke, hana habari ya akhera hata kidogo, kwake jana imepita na hakuna hukumu wala toba, kuna machozi tu na safari inayofuata. Baadaye washairi wa Kiislamu waliupokea ule mtindo wa kuuliza "wako wapi" wakautia maana ya mawaidha, na Sayyid Abdalla amekaa kwenye mkondo huo, alikuwa mwanachuoni, hizo fasihi zote alizijua. Kwa hiyo hapa kufanana kuna njia tunayoweza kuionyesha kwa kidole.

Sasa Uingereza ya zamani, hapo hakuna njia. Kuna kitabu kikubwa cha mashairi kilichonakiliwa kwa mkono karne ya 10, kipo kanisa kuu la mji wa Exeter tangu zama za askofu Leofric aliyefariki 1072. Ndani yake kuna shairi la mtu aliyepoteza bwana wake na jamaa zake, anapiga makasia peke yake kwenye bahari ya baridi, anasinzia anaota yupo nyumbani, anaamka anaona ndege wa baharini wanaoga na kutandaza manyoya, barafu na theluji vinaanguka. Na yeye anauliza, yuko wapi farasi, yuko wapi kijana, yuko wapi mtoa zawadi, viko wapi viti vya karamu. Mtu wa Pate anasema ulimwengu ni bahari iliyochafuka yenye matumbawe mengi, mwenye kuipanda ajue amekwisha hasara. Kila mmoja bahari anayoijua! Wa Pate anaogopa matumbawe kwa sababu ndo yanayotoboa majahazi kwao, wa kule anaogopa baridi. Na mule mule kwenye kitabu kuna shairi jingine linaloeleza mji wa mawe ulioanguka, mabafu ya maji moto ya Warumi, mshairi anasema ni kazi ya majitu, na kurasa zake zenyewe zimeungua moto, mistari mingine imekatika haisomeki. Shairi la magofu ambalo na lenyewe limekuwa gofu. Niliwaonyesha picha kwenye simu, ile sehemu iliyoungua, wakaipitisha mkono kwa mkono.

Alafu Ufaransa, François Villon, mzaliwa wa 1431, mtu wa matatizo mengi na vyombo vya sheria. Ana shairi la kuuliza wako wapi wanawake mashuhuri wa zamani, na kila ubeti unaishia kwa swali moja, iko wapi theluji ya mwaka jana. Nikawauliza hicho kinaitwaje kwetu, wakajibu kwa pamoja, kibwagizo! Na nikawaambia wahesabu mizani kwa Kifaransa tulichokisoma kwa kubahatisha matamshi, inatoka 8 kila mstari, sawa na mstari wa Utenzi wa Mwana Kupona. Mwalimu mwenzangu niliyekuja naye hakuamini akahesabu tena kwa vidole. Kwa hiyo wale wanaosema mizani na vina ni mzigo wa Mswahili peke yake, waangalie Mfaransa wa karne ya 15 anavyojifunga mwenyewe, beti tatu za mistari minane na kimalizio cha mistari minne, vina vinavyojirudia, na ndani ya pingu zote hizo anauliza swali ambalo halina jibu. Na theluji yake si ya kuazima. Paris theluji inaanguka inayeyuka, kila mtoto ameiona. Mtu wa pwani yetu akiandika leo "iko wapi theluji ya jana" atakuwa ameazima kanzu ya mtu, wakati nyumbani ana maji kupwa na kujaa yamemlalia mlangoni.

Uchina nilienda kwa sababu ya vile vishimo. Sahani zilizokuwa zinawekwa kwenye madaka ya Pate na kwenye makaburi ya pwani hii, nyingi zilitoka Uchina. Sahani zilifika, mashairi hayakufika, na hili mimi huwa linanishangaza, kwamba bidhaa ilivuka bahari yote hiyo na neno likabaki nyuma. Mshairi wao Du Fu, aliyeishi 712 mpaka 770, mwaka 757 alikuwa amekwama mji mkuu wa Chang'an uliokuwa mikononi mwa waasi. Anaandika kwamba nchi imevunjika lakini milima na mito ipo, majira ya kuchipua yameingia mjini na majani yameota. Mistari minane, kila mstari alama tano, jumla 40 tu, na mistari ya katikati inajibizana neno kwa neno kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Na anamalizia wapi? Kichwani kwake mwenyewe. Anakuna nywele zake nyeupe, zimepungua hata pini haishiki tena. Kutoka nchi nzima mpaka nywele za mtu mmoja! Hakuna akhera hapo, hakuna toba, hakuna kumsuta mfalme, kuna milima inayobaki na mtu anayeisha.

Na huyu Du Fu akapata mwanafunzi baada ya miaka zaidi ya 900. Mwaka 1689 Matsuo Bashō wa Japani alifika Hiraizumi, mahali ambapo ukoo mmoja ulitawala kwa fahari vizazi vitatu na mashujaa wakafia pale miaka 500 kabla yake. Akakuta majani. Akakumbuka ule mstari wa Du Fu wa nchi kuvunjika na milima kubaki, akaketi juu ya kofia yake akalia, kisha akaandika shairi la silabi 17, majani ya kiangazi, mabaki ya ndoto za wapiganaji. Basi. Ndani ya shairi lile la Kijapani hakuna kitenzi hata kimoja.

Hapo kwenye kitenzi ndo nilipopata jambo ambalo sikuwahi kuliona miaka 17 yote. Turudi Al-Inkishafi. Kila ubeti una mistari minne, mizani 10 kila mstari, mitatu ya kwanza inapokezana kina chake na wa nne unakwenda kwenye kina cha bahari ambacho ni "-ye" utenzi mzima. Nimefundisha hivyo kila mwaka, "kina cha bahari ni -ye", watoto wanaandika, tunapita. Lakini hiyo "-ye" inatoka wapi? Mara nyingi ni ule wakati timilifu wa lahaja za kaskazini, wanaposema "walaliye" sisi tunasema wamelala, "waikaliye" ndo wameikalia. Yani mara kwa mara, ubeti ukifungwa unafungwa kwa kitendo ambacho kimeshatimia, kimekwisha, hakirudi. Dhamira ya kwisha imekaa ndani ya kina chenyewe! Mjapani ameondoa kitenzi kabisa akaacha majani na ndoto vimekaa kimya, mtu wa Pate amefunga mlango wa kila chumba kwa kitenzi kilichokwisha. Nisingekuwa na Bashō pembeni nisingekiona kitenzi cha Sayyid Abdalla, nilikuwa nakitazama kama mapambo. Ndo maana napiga kelele Mhariri. Watu wanadhani kusoma fasihi za mataifa mengine ni kuacha ya kwetu, mimi ya kwetu nimeiona vizuri zaidi siku niliyoiweka jirani na ya wengine.

Na nisieleweke vibaya, sisemi kila kinachofanana ni kimoja, au kwamba binadamu wote wanasema jambo moja tu kwa lugha tofauti, hilo nalo ni desa kama yale madesa mengine. Kuna siku mwanafunzi aliniandikia kwamba Bashō anafundisha watu watubu. Hapana, hajafundisha hivyo, hiyo umeitoa Pate ukaipeleka Japani. Kulinganisha kuna kanuni zake, uijue nchi ya shairi, uijue dini ya watu wake, ujue vita gani ilikuwa imepita, na ujue kama kuna njia kati ya hawa wawili kama ile ya Waarabu na pwani au ya Du Fu na Bashō, au hakuna njia kabisa kama Exeter na Pate, na kama hakuna njia basi huo mfanano unatokana na nini, na hapo ndo mjadala mzuri unapoanza. Unahitaji muda. Vipindi vya dakika 40 na rundo la vitabu teule haviruhusu, najua, mimi nipo humo humo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya chuo kikuu, watoto wa sekondari hawawezi. Yule binti aliweza akiwa kidato cha tano na hakuna aliyemfundisha. Na wapo watakaosema ni mambo ya kizungu. Hapa Tanga ndo nyumbani kwa Shaaban Robert, kazaliwa 1909 hapo Vibambani, na mwaka 1952 kilitoka kitabu chake cha Omar Khayyam kwa Kiswahili. Tazameni njia ya hicho kitabu, Mwajemi aliyefariki 1131, akafasiriwa Kiingereza na Edward FitzGerald mwaka 1859, na kutoka Kiingereza hicho Shaaban Robert akakileta kwetu. Tamaduni tatu, karne nane. Mwalimu Nyerere naye akiwa na nchi nzima mabegani alipata muda wa kumleta Shakespeare kwenye Kiswahili, Julius Caesar ikatoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Hawa hawakuona kwamba kusoma ya wengine ni utumwa. Na kwenye rubai, yani beti za mistari minne, zinazohusishwa na Khayyam kuna moja ambayo siwezi kuiacha, ya jumba la kifalme lililokuwa likigusa mbingu, wafalme wakisujudu mlangoni, sasa njiwa katua juu ya ukuta wake analia ku, ku, ku. Na kwa Kiajemi "ku" maana yake ni "wapi". Ndege analia kwa sauti yake ya kila siku na sauti hiyo hiyo ndo swali la Al-Inkishafi. Nilipowaambia watoto pale Tongoni kulikuwa na tetere juu ya mkwaju, na nakwambia ukweli hakuna aliyezungumza mpaka yule ndege aliporuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mitihani ni dogo, liwepo hata swali moja tu linalompa mtoto mashairi mawili mafupi ya zama mbili, moja letu na moja lililofasiriwa, na kumuuliza yanaachana wapi na kwa nini, sio dhamira tatu na ushahidi. Likiwepo kwenye mtihani sisi walimu tutalifundisha, maana ukweli ndo huo, tunafundisha kinachoulizwa. Na kwa walimu wenzangu ambao shule zenu zina mwalimu wa Literature chumba cha pili, nendeni mkae naye saa moja kwa mwezi, mimi na mwenzangu tumeanza, yeye alikuwa hajui kwamba Al-Inkishafi na Ozymandias ni za miaka ile ile na mimi nilikuwa sijui Shelley hakufika Misri. Saa moja tu ile tulipata masomo ya wiki tatu.

Na kwako Mhariri nina ombi jingine. Gazeti lako lina ukurasa wa mashairi ambao wazee na vijana wanajibizana kila wiki, mimi mwenyewe nimejifunzia humo. Je mnaweza kutenga kona ndogo, ubeti mmoja wa zamani wa kwetu, tuseme wa Muyaka, yule mshairi wa Mombasa, au wa Mwana Kupona, na pembeni yake shairi moja la nje kwa Kiswahili kizuri, bila maelezo marefu, wasomaji waseme wenyewe wanachokiona? Wafasiri wapo, kuna Watanzania na Wakenya wanaojua Kiarabu, Kifaransa, Kichina, wengi wamesoma huko, wakiombwa watatoa. Du Fu ninaye kwa tafsiri yangu ya kupitia Kiingereza na sijaridhika nayo, anayekijua Kichina chenyewe aniboreshee, hasa ule mstari wa pini.

Yule binti nilimwomba radhi mbele ya darasa. Wiki iliyofuata akaniletea karatasi, hakuwa ameagizwa na mtu, ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wa haraka, na juu kabisa kaandika kwamba Shelley amesimama nje ya jiwe anaangalia, Sayyid Abdalla amesimama ndani ya nyumba na bado anasikia harufu ya waliohama. Hiyo harufu haipo kwenye utenzi, nilimwandikia pembeni kwa wino mwekundu aonyeshe ubeti. Akarudi kesho yake na beti tatu amezizungushia penseli, tukakaa barazani tukabishana mpaka kengele ikalia.

Wako,
Mwalimu wa fasihi,
Tanga